Aliyeita Majina ya Wenzake

Sauti yake haikufanana kabisa na mwili wake. Mwili ulikuwa mwembamba, mabega yameshuka, shingo ndefu imesimama ndani ya kola ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Lakini alipofungua mdomo pale kambi ya polisi saa kumi na mbili asubuhi, kuita apeli ya majina, hata wanawake waliokuwa wakichota maji bombani, ng'ambo ya reli, walijua polisi gani amechelewa. Sisi wa komini, yaani serikali ya mtaa, tulimwita Papa Brigadie, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa polisi wetu. Mimi nilikuwa daktilo wa komini, kazi yangu kupiga mashini ya kuandika, na yeye aliniita Daktilo, hata siku alipokuja kwangu kunipa pole ya msiba. Sidhani kama alisahau jina langu, maana majina ndiyo yalikuwa kazi yake.

Daftari lake la apeli lilikuwa na jalada jeusi, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Majina yote thelathini na mawili aliyajua kwa moyo, lakini kila asubuhi alilifungua, akaweka kidole juu ya jina la kwanza, akaita. Polisi akaitika, “Prezan!” Kidole kikashuka. Jina lake mwenyewe halikuwamo. Mwenye kuita apeli hajiiti, ndivyo alivyofundishwa na wakubwa wa zamani, na hakuona sababu ya kubadilisha. Alipomaliza jina la mwisho alifunga daftari, akasema kwa sauti ya chini, “Na mimi,” halafu akagawa kazi za siku. Nimeyasikia maneno hayo mawili mara nyingi, nikipita pale kwenda kazini, wala sikuyatilia maanani.

Niseme kweli, mtu huyu alinichosha. Alikuwa na uwezo wa kusimamisha baiskeli saa sita mchana, jua la Kalemie limesimama kichwani, akakuuliza taa yako iko wapi. Mimi alinikamata mara mbili. Mara ya pili nilimkumbusha kwamba asubuhi ileile tumekunywa chai pamoja kwenye biro, ofisini kwangu. Akakubali kwamba chai ilikuwa nzuri, akainama, akatoa upepo wa magurudumu yote mawili, akaniambia nitembee ili nikumbuke. Nilitembea nikimtukana mpaka kwenye mlango wa komini.

Mtu huyohuyo, sokoni, alikuwa na kikohozi. Kabla hajapinda kona ya wauza samaki alikohoa mara tatu, kwa nguvu, na wale mama waliokuwa wakiuza lutuku, pombe iliyokatazwa, walipata muda wa kusukuma chupa chini ya vikapu vya ndagala. Akapita, akasalimia kila mmoja, akauliza habari za watoto. Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi hospitali na kifua kile. Akanitazama bila kucheka, akasema kifua chake kinamuuma sokoni tu.

Alikuwa na msemo wake: “Tuone kwenye karatasi.” Ukimwambia mvua inakuja, tuone kwenye karatasi. Ukimwambia mutoto wa fulani anaoa, tuone kwenye karatasi. Mkewe, Mama Brigadie, mwanamke mnene wa kutoka Marungu, upande wa Pepa, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba hata siku ya kumposa alimwita apeli kwanza, naye kwa ujinga akaitika. Akicheka, mashavu yote yalitikisika, na Brigadie alitazama buti zake. Nyumbani kwake yeye ndiye aliyekuwa polisi wa mwisho.

Kusoma alisoma polepole, kwa kidole. Neno lisilopita chini ya kidole chake kwake lilikuwa halijasemwa. Wenye elimu kidogo kama sisi tulimcheka kwa hilo, lakini si mbele yake. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mtu anayesoma namna ile hawezi kudanganywa na maneno mengi, na kwamba anaweza bado kupitwa na neno ambalo halikuandikwa.

Kitu kimoja kwake sikukielewa kwa muda mrefu: hakula sombe, mboga ya majani ya mihogo. Katika mji wetu, mtu asiyekula sombe utamlisha nini? Mama Brigadie ndiye aliyeniambia sababu, na baadaye yeye mwenyewe aliniambia tena. Nyumba za kambi zilikuwa za komini. Polisi akifa, familia yake ilipewa siku tatu baada ya mazishi, halafu itoke, ili anayekuja apate pa kulala. Ilikuwa hivyo wakati wa Wazungu, na uhuru ulipokuja hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Aliyetumwa kuwatoa wajane alikuwa yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi.

Masika ya kwanza baada ya uhuru alikufa polisi mmoja kwa homa. Mkewe alikuwa mtu wa Mpala, ana watoto wanne, wa mwisho bado mgongoni. Siku ya tatu Brigadie akaenda na amri mkononi. Hakupiga mtu, hakupaza sauti. Alikunja mablanketi mwenyewe, akatoa godoro, akapanga sufuria kando ya reli, kubwa mpaka ndogo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hakuweza kuweka kitu ovyo. Mvua ikaja kutoka ziwani. Mtumbwi wa kwenda Mpala ulikuwa haupatikani mpaka siku mbili. Yule mama alikaa juu ya godoro katika mvua, watoto wamejibana kwake, wala hakumtukana. Alimwambia neno moja tu. “Papa Brigadie, ile sufuria ya mwisho iko na sombe ya watoto. Usiimwange.”

Alinihadithia hayo kwenye biro yangu, miaka mingi ya kazi usoni pake, akajipangusa uso na karatasi ya kukaushia wino. Akaondoka na doa la buluu kwenye shavu, na mimi sikuthubutu kumwambia.

Sasa nije kwenye kontra, ule mkataba wa kazi. Vita vya Katanga vilipotulia, na mji wetu ukawa makao makuu ya jimbo jipya, tulipata burgumestre mpya, mkuu wa komini, mtu wa haraka, mwenye miwani. Aliona polisi wanamkimbia. Walikuwa wanaajiriwa mwezi kwa mwezi, leo yuko, kesho amekwenda jeshini au amerudi kulima kwao. Akataka kontra ya miaka kumi kwa wote, na akamwita Brigadie aje kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Tulikaa watu wanne kila alhamisi baada ya chakula cha mchana: Burgumestre, Katibu wa komini, Brigadie, na mimi wa kuandika. Katibu alidhani tutamaliza kwa alhamisi moja. Tulianza kiangazi, tukamaliza mvua zimeshika.

Sababu ni kwamba Brigadie hakukubali kusema ndiyo. Kila artikle, yaani kifungu cha kontra, ikisomwa alisikiliza, akaomba nakala, akaipeleka kambini. Kesho yake asubuhi, kwenye apeli, aliisoma kwa Kiswahili, kwa kidole, halafu akaita majina moja moja. Anayekubali alisema ndiyo. Asiyekubali alinyamaza. Mtu mmoja akinyamaza, artikle ilirudi kwetu alhamisi inayofuata. Artikle ya likizo ilirudi mara nne kwa sababu ya polisi mmoja mwenye shamba la mihogo. Katibu alikasirika, akauliza kama hii ni polisi au ni bunge. Brigadie akamjibu kwa upole kwamba yeye ni mdomo tu, ile ndiyo yenyewe iko kule kambini.

Artikle ya saba aliileta mwenyewe. Polisi akifa, mkewe na watoto wabaki ndani ya nyumba. Burgumestre hakuwa mtu mbaya, akatoa mwezi mmoja. Brigadie akasema hapana. Akatoa miezi mitatu. Brigadie akasema wabaki mpaka mwisho wa kontra, ile miaka kumi yote, kana kwamba mume yuko hai na anakwenda kazini. Burgumestre akavua miwani, akauliza kama komini sasa itajenga nyumba za marehemu.

Ziwani meli ilikuwa inashusha mizigo, na tulisikia vyuma vyake. Brigadie akasema, “Bwana Burgumestre, muntu anakufa. Kontra yake haikufi naye.”

Bei ya artikle hiyo ilikuwa kubwa. Burgumestre alitaka polisi waache nyongeza ya mshahara waliyoahidiwa, waache na mapumziko ya jumapili. Brigadie akaibeba habari hiyo mpaka kambini. Akaita majina thelathini na mawili, na majina thelathini na mawili yakanyamaza. Wakamfanyia utani mchungu, wakasema Papa Brigadie anawatafutia wake zao nyumba, wao anawatafutia kaburi. Alhamisi tatu alirudi kwetu na mikono mitupu, na kila mara Katibu aliniambia nifute artikle ya saba, na kila mara Brigadie alisema, “Daktilo, usifute.” Juma la nne Mama Brigadie alipita bombani, akawaambia wanawake kilichokuwa kinakataliwa na waume zao. Sijui yaliyosemwa ndani ya zile nyumba. Ninajua kwamba asubuhi ya ijumaa wanaume wote waliitika ndiyo, mmoja baada ya mwingine, macho chini.

Ikabaki liste. Katibu alisema, na hapo alikuwa na haki, kwamba artikle kama hiyo haiwezi kukaa bila liste: jina la polisi, jina la mkewe, namba ya nyumba. La sivyo kesho kila mwanamke atakuja kusema ni mjane wa polisi. Brigadie alikubali mara moja. Akaongeza jambo lake: liste ibandikwe kwenye mlango wa komini, kila mtu aione. Katibu alitaka ikae ndani ya droo pamoja na karatasi nyingine. Brigadie akakataa.

“Karatasi ya ndani ya droo inakufa,” alisema. “Ya mlangoni, watu wanaisoma.”

Niliipiga siku ya jumamosi, nikinakili kutoka kwenye daftari la apeli, na kaboni nne chini yake. Alikaa karibu nami kwenye kiti cha mbao, kofia juu ya goti. Nilipomaliza akaisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, mara tatu. Aligundua kwamba nimeandika nyumba namba kumi na nne mara mbili. Aligundua kwamba jina la mke wa mmoja limepungua herufi. Nikasahihisha. Akaridhika, akanishika mkono, akasema kwamba sasa wale watoto wa kambini wana paa. Nyumba zilianza namba mbili mpaka thelathini na tatu. Namba moja, nyumba yake, haikuwamo, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye daftari, na mimi nilifuata daftari. Mimi sikuona. Yeye, wa kusoma mara tatu, hakuona. Katibu hakuona, Burgumestre akapiga muhuri. Brigadie alitia sahihi chini ya kontra kwa niaba ya wote, na sahihi yake ilikuwa nyuzi za wino zisizosomeka.

Siku ya kubandika liste aliwasomea wenzake majina yao, halafu akawapa onyo moja. Tulikuwa tumebadilisha serikali mara nyingi katika miaka ile michache, na alijua kwamba nyingine inaweza kuja. Akawaambia: serikali yoyote itakayoingia itachukua liste hii na kuita. Ukiitwa, itika. Asiyeitika anapoteza nyumba ya watoto wake. Nilikuwa nimesimama pale na gundi mkononi, nikaona ni maneno ya akili sana. Hata leo sijui mtu angeweza kusema nini kingine.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia mjini. Wakubwa walikimbia kwa meli na kwa gari moshi, Burgumestre miongoni mwao. Mimi nilichukua mke na watoto, nikavuka mto Lukuga, nikajificha kwa wakwe. Brigadie alikataa kuondoka. Polisi wa komini, alisema, wanalinda soko na bandari, siasa si kazi yao. Kwa hiyo haya yanayofuata sikuyaona. Niliyapata kwa wajane, na baadaye kwake, na maneno yao hayakupishana.

Waliichukua liste mlangoni. Asubuhi wakafika kambini na lori, mkubwa wao akasimama katikati ya uwanja, palepale pa apeli, akaanza kuita. Na polisi wakatoka. Hakuna aliyewavuta. Kulikuwa na mmoja aliyerudi ndani mbio kuchukua kofia, maana aliona aibu kuitika kichwa kitupu. Walidhani serikali mpya inahakikisha kontra. Wakaitika prezan, prezan, mmoja mmoja, wakapangwa mstari karibu na lori, watu ishirini na watatu. Waliopona ni wale waliokuwa kazini bandarini na sokoni asubuhi ile.

Brigadie alikuwa amesimama mahali pake, buti pamoja, akingoja. Aliniambia kwamba alipoona bunduki zinageuzwa kuelekea mstari, alielewa, na bado alingoja jina lake. Liste ikaisha. Akaenda mbele, akamwambia yule mkubwa kwamba yeye ndiye brigadie wao. Yule akapitisha kidole juu ya karatasi yangu, juu mpaka chini.

“Hapa haumo,” akasema. “Rudi kwako, mzee.”

Brigadie akapanda lori kwa nguvu. Wakamtupa chini, mkono wa kushoto ukavunjika. Lori likaelekea upande wa Lukuga na hakuna hata mtu mmoja aliyerudi.

Nini kingefikiriwa na mwanamke aliyeona hayo kutoka mlangoni pake? Wote wameitwa, yeye hakuitwa. Karatasi ilikuwa yake, yeye ndiye aliyetaka ibandikwe, yeye ndiye aliyewafundisha kuitika. Kambi nzima ikasema amewauza. Bombani, Mama Brigadie akifika, wenzake waliondoa ndoo zao, hata zisizojaa. Yule mwanamke wa kucheka alianza kuchota maji ziwani, mbali, peke yake.

Na mimi nilijua. Niliporudi mjini, jeshi la serikali limeshaukomboa, nilijua kwamba jina lake halikuwamo kwa sababu mimi nilinakili daftari bila kufikiri. Ningeweza kwenda kambini kusema. Sikwenda. Niliogopa swali moja tu, nani aliipiga liste ile, na niliogopa macho ya wale mama. Mungu anisamehe, nilinyamaza mwaka mzima, na kila asubuhi nilipita njia nyingine kwenda kazini.

Yeye hakunyamaza, ila kwa jambo lingine. Komini mpya ilitaka nyumba kwa ajili ya polisi wapya, na Katibu, ambaye alikuwa amerudi, akaandika barua za kuwatoa wajane. Brigadie akaingia kwenye biro na mkono wake umefungwa kitambaa shingoni, kontra chini ya kwapa. Artikle ya saba, alisema. Wakamwambia wale watu hawakufa kazini, hawajulikani walipo. Akaweka kidole kwenye karatasi, akasoma: kana kwamba mume yuko hai. Alirudi kesho, alirudi kesho kutwa. Alikaa kwenye benchi ya nje mpaka biro zinafungwa. Burgumestre mpya akamuuliza yuko wapi uthibitisho kwamba wanawake hawa ni wa polisi wale, naye akatoa nakala ya liste, ileile, ikiwa na namba za nyumba na muhuri. Liste iliyowapeleka waume kwenye lori ndiyo iliyowaacha wake ndani ya nyumba. Wajane ishirini na watatu hawakutolewa hata mmoja.

Alikwenda kuwaambia mlango kwa mlango. Alisimama uani, akapiga hodi, akasema kwamba nyumba ni yenu mpaka mwisho wa kontra. Wengi walimsikiliza nyuma ya mlango bila kufungua. Mmoja alimwaga maji ya vyombo miguuni pake. Akasema asante, akaenda nyumba inayofuata.

Halafu akaja brigadie mpya, akahitaji nyumba. Katibu akafungua liste, akaona namba moja haimo. Haikuhitaji hata barua. Wanasema Papa Brigadie alitoa vyombo vyake mwenyewe kwa mkono mmoja, akapanga sufuria kando ya reli, kubwa mpaka ndogo, na Mama Brigadie akakaa juu ya godoro kungoja mkokoteni. Siku ile hapakuwa na mvua. Wajane walitazama. Brigadie na mkewe walipata chumba kimoja karibu na mdomo wa Lukuga, mahali wanapoanika ndagala, na sikuwaona tena kwa miezi.

Alikuja kwangu mwaka wa sitini na tano, alasiri moja, mawingu ya masika ya kwanza yamekaa juu ya ziwa. Nilikuwa peke yangu, Katibu yuko chumba cha pili. Alikuwa amekonda zaidi, shingo imekuwa ndefu kuliko kola. Nguo zake zilikuwa za kiraia lakini zimepigwa pasi. Miguuni hakuwa na kitu. Niliitazama ile miguu, na nikajiona nimeshindwa kumsalimia.

Nikampa kiti, akakataa. Akaweka mezani daftari la apeli na nakala yake ya liste, imechakaa kwenye mikunjo.

“Daktilo,” akasema, “niandikie jina yangu.”

Nilidhani ni habari ya nyumba. Nikaanza kumweleza kwamba haitasaidia, muhuri ni wa zamani, Katibu hatakubali. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

“Nyumba hapana,” akasema. “Nataka tu kuwa na wao.”

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia niliyopaswa kuyasema mwaka mzima, kwamba mimi ndiye niliyeacha jina lake, kwamba nilifuata daftari, kwamba nilijua wanavyomsema kambini na nikakaa kimya. Nililia, sioni haya kusema, mtu mzima juu ya mashini yake. Alingoja kama alivyokuwa akingoja mtu aliyechelewa apeli.

“Najua,” akasema. “Nilisoma mara tatu, na mimi sikuona.”

Nikaingiza karatasi ndani ya mashini. Nikataka kumweka juu, karibu na namba mbili, pana nafasi. Akakataza, akaonyesha chini, baada ya jina la mwisho. Nikapiga jina lake, jina la mkewe, nyumba namba moja. Wino ulikuwa mweusi kuliko ule mwingine. Nilipoitoa akaniomba niisome kwa sauti, yote, tangu juu.

Nikasoma. Kila jina nililisoma nikanyamaza kidogo, na yeye alisimama akitazama dirishani, maana mtu haitiki mahali pa mwenzake. Yalikuwa majina marefu, ya Kiluba, ya Kitabwa, ya Kiholoholo, na mengine nilikuwa nimesahau kwamba niliyajua. Nikafika namba thelathini na tatu. Nikashusha kidole, nikataja jina lake. Sikuwahi kulitaja kabla ya siku ile.

Akaweka miguu pamoja, ile miguu mitupu, juu ya saruji.

“Prezan!”

Ilikuwa sauti ileile ya kambini. Katibu akafungua mlango kuuliza kuna nini humu, nani anaita apeli saa hizi. Nikamwambia kwamba tunamaliza liste. Akatutazama wote wawili, akafunga mlango taratibu.

Nikachukua chupa ya gundi, kwa mazoea tu, kwa sababu liste zake zilikuwa za mlangoni. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akatikisa kichwa.

“Hii,” akasema, “iweke ndani ya droo.”

Nikavuta droo, nikaiweka.